Waulizeni Waliokuwa Chini Yake



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), Ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, wiki hii nimetumiwa ujumbe mmoja si chini ya mara sita, kwenye magrupu na inbox. Una picha ya mzee wa Kimarekani mwenye masharubu meupe, John Bolton, na chini yake maneno makali: huyu aliwahi kuwa balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, ni adui wa Uislamu, mlaani, kisha sambaza kwa watu 20. Dada mmoja akaniandikia kwa adabu: "Shekhe, haya ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwaje mtu ambaye hata wenzake hawakumtaka akapewa cheo kile?"

Swali la dada huyu lina faida kubwa kuliko ule ujumbe wenyewe, basi leo nalijibu hilo. Post ni ndefu, naomba radhi. Isome hata kwa mafungu mawili.

Hiyo hesabu ya watu 20 dini yetu haiijui. Tunachokijua ni mafundisho ya Suratul Hujurat, kwamba habari ikikujia ichunguze kwanza, usije ukawadhuru watu kwa ujinga kisha ukabaki na majuto. Basi tuichunguze.

Machi 2005 Rais George W. Bush alimteua Bolton kuwa balozi wa nchi yake Umoja wa Mataifa, New York. Kumbuka tarehe hiyo, ndugu yangu. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Marekani iivamie Iraq bila ridhaa ya Baraza la Usalama. Silaha za maangamizi zilizotangazwa kuwa ndiyo sababu ya vita zilikuwa zimetafutwa na hazikuonekana. Dunia nzima ilikuwa inasubiri kuona Marekani itampeleka nani kuzungumza na mataifa iliyoyapuuza. Ikampeleka mtu ambaye mwaka 1994 alisema mbele ya hadhara kwamba jengo la Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa lina ghorofa 38, na lau zingepotea 10 hakuna ambacho kingeharibika.

Kwa katiba yao, rais akiteua balozi, lazima Seneti imridhie. Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti humwita mteule, humhoji, na husikiliza mashahidi wengine. Hapo ndipo mambo yalipochafuka.

Nataka kuwa muadilifu, kwa sababu Mtume (s.a.w) alipomtuma Ali (r.a) kwenda Yemen kuhukumu alimfundisha asikate hukumu mpaka amsikilize na mtu wa pili. Basi msikilize na mtu wa pili. Waliomuunga mkono walisema Umoja wa Mataifa una uozo na unahitaji mtu wa kusema wazi. Walikuwa na hoja. Wakati huo huo uchunguzi wa mpango wa Iraq wa mafuta kwa chakula, ulioongozwa na Paul Volcker, ulikuwa unaendelea, na mwishowe ukaonesha makampuni zaidi ya 2,000 yalitoa malipo haramu kwa serikali ya Saddam. Wakasema pia kwamba Bolton ni mwanasheria msomi, mchapakazi, anayejua faili zake kuliko wanaomhoji. Na yote hayo ni kweli. Hata maadui zake hawakusema hajui kazi.

Sasa sikiliza walichosema upande wa pili, na hapa nataka utulie kidogo, maana ndipo penye faida.

Tarehe 12 Aprili 2005 alisimama shahidi anaitwa Carl Ford. Huyu hakuwa mpinzani wa kisiasa wa Bolton. Mwenyewe alijitambulisha kuwa ni mhafidhina, mfuasi wa chama kile kile cha Republican, muungaji mkono wa Bush. Alikuwa mkuu wa idara ya ujasusi na utafiti ya Wizara ya Mambo ya Nje. Akaeleza kwamba mwaka 2002 Bolton, akiwa naibu waziri, alitaka kutoa hotuba kuhusu Cuba na silaha za kibiolojia. Mchambuzi mmoja wa ngazi ya chini katika idara ya Ford akaweka alama kwamba maneno yale yamezidi ushahidi uliopo. Bolton akamwita yule mchambuzi ofisini, akamfokea, na baadaye akataka aondolewe kwenye kazi yake. Ford akasema mbele ya maseneta, kwa maneno yake, kwamba huyu ni mtu hodari wa kuwanyenyekea wakubwa na kuwapiga mateke wadogo. Akaeleza kuwa Waziri Colin Powell alilazimika kwenda mwenyewe kwenye idara ile kuwatuliza wachambuzi, awaambie waendelee kusema wanachokiona.

Bolton alijitetea. Alisema alipoteza imani na yule mchambuzi kwa namna alivyolishughulikia jambo, na hakutaka afukuzwe kazi. Mchambuzi hakuondolewa. Sawa. Nimekuletea na utetezi wake.

Lakini ndugu yangu, jiulize: mtumishi mdogo kufokewa huko Washington kunatuhusu nini sisi wa Tanga, Mombasa, au wewe uliyeko Muscat?

Kunatuhusu sana. Ile idara ya wachambuzi, ndogo kuliko vyombo vyote vikubwa vya ujasusi vya Marekani, ndiyo ile ile ambayo Oktoba 2002, miezi michache baada ya kisa hiki, iliandika maoni tofauti kuhusu Iraq. Vyombo vingi vilisema Saddam anafufua mpango wa silaha za nyuklia. Wao wakasema ushahidi hautoshi, na ile mirija ya aluminiamu iliyopigiwa kelele duniani haifanani na ya kazi hiyo. Walikuwa sahihi. Hawakusikilizwa. Machi 2003 mabomu yakashuka Baghdad, na kilichofuata unakijua: mayatima, wajane, mahujaji wa Karbala waliolipuliwa, Waislamu wakichinjana wenyewe kwa wenyewe katika mji uliokuwa makao ya elimu.

Basi mtu mdogo anayesema "bosi, hili hatuna ushahidi nalo" ni ukuta wa mwisho baina ya uongo na damu. Anayempiga teke mtu huyo si mkali wa tabia tu. Anabomoa ukuta. Na ukishabomoka, wanaofukiwa na kifusi huwa wako mbali, hawakuwamo hata kwenye jengo.

Kuna kisa kingine cha mwaka huo huo wa 2002, na hiki Waislamu wengi hawakijui kabisa. Kulikuwa na balozi wa Brazil anaitwa José Bustani, mkuu wa Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, lenye makao yake The Hague, Uholanzi. Mwaka 2000 nchi wanachama zilimrudishia uongozi kwa kauli moja. Bustani akawa anafanya juhudi Iraq ijiunge na mkataba wa kuzuia silaha za kemikali. Maana yake wakaguzi wangeingia, na sababu ya vita ingepungua au kuondoka. Marekani ikaanza kampeni ya kumtoa, na Bolton ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Walisema tatizo ni usimamizi mbaya. Bustani akasema tatizo ni Iraq. Tarehe 22 Aprili 2002 ikapigwa kura: nchi 48 zikakubali atolewe, 7 zikakataa, 43 zikanyamaza.

Arobaini na tatu zikanyamaza, Subhanallah. Mwaka 2003 mahakama ya kiutawala ya Shirika la Kazi Duniani ikahukumu kwamba kumtoa Bustani hakukuwa halali. Hukumu ilitoka mwezi Julai. Vita vilikuwa vimeanza Machi.

Sasa turudi kwenye Kitabu cha Allah. Katika Suratul Qasas Nabii Musa (a.s) amekimbia Misri, amefika Madyan akiwa na njaa, hana ndugu, hana kazi, hana barua ya kumtambulisha. Anakuta wachungaji wamejazana kisimani na wasichana wawili wamesimama pembeni wakizuia mifugo yao, kwa sababu baba yao ni mzee na hawawezi kusukumana na wanaume. Akawanyweshea, akarudi zake kivulini, hakuomba malipo kwao. Baadaye mmoja wa wale wasichana akamshauri baba yake amuajiri, akamtaja kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. (Wengi husema baba yule ni Nabii Shuaib, na wako wanazuoni wasiokubali. Hilo tuliache leo.)

Wanazuoni wetu tangu zamani wameichukua kauli ile kuwa kanuni ya kutoa vyeo: awe na uwezo wa kazi, na awe na amana. Lakini tazama ushahidi ulitoka kwa nani. Haukutoka kwa wakubwa wa Madyan, wala kwa mtu aliyekuwa anatafuta kitu kwa Musa. Ulitoka kwa binti aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni. Alijua jinsi Musa anavyomtendea mtu asiye na uwezo wa kumlipa wala wa kumdhuru. Hakuna mahojiano yatakayokupa habari hiyo.

Kwa kipimo hiki Bolton alikuwa na nusu ya kwanza, nguvu, tena nyingi. Nusu ya pili ndiyo iliyoletewa mashahidi.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a) alikuwa anafanya hivi kwa vitendo. Watu wa Kufa walimshitaki kwake gavana wao, Sa'd bin Abi Waqqas (r.a), sahaba mkubwa, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Wakafika mpaka kusema haswalishi vizuri! Umar hakusema, "Mnamjua mnayemshitaki? Huyu ni mjomba wa Mtume." Alimwondoa kwanza, akamuita, akamsikiliza, kisha akatuma watu waende naye Kufa wakaulize msikiti kwa msikiti. Kila msikiti walimsifu kwa kheri. Mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs, akasimama mtu mmoja akasema Sa'd haendi vitani na jeshi, hagawi sawa, hahukumu kwa uadilifu. Alikuwa muongo, na Sa'd akamuombea kwa Allah dua nzito ambayo ilimpata uzeeni. Kisa kiko katika Sahihi Bukhari. Na Umar alipokuwa anakufa alimtaja Sa'd katika wale sita wa kuchaguliwa khalifa mmoja wao, akabainisha kuwa hakumwondoa Kufa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana.

Angalia ukubwa wa jambo hili. Sa'd alikuwa safi, na bado aliulizwa kwa watu wa chini, hadharani, na hakuna aliyesema kumuuliza ni kumvunjia heshima. Uchunguzi ule ule uliompa muongo nafasi ya kusema ndio uliomsafisha Sa'd mpaka leo tunasimulia.

Narudi Washington. Kamati ile ilikuwa na maseneta 10 wa chama cha rais na 8 wa upinzani. Hesabu ilikuwa wazi, Bolton apite. Kisha seneta mmoja wa chama cha rais mwenyewe, George Voinovich wa Ohio, akasema kwa aliyoyasikia hawezi kupiga kura siku ile kwa dhamiri tulivu. Kikao kikavunjika. Mwezi Mei kamati ikampeleka Bolton kwenye Seneti nzima bila kumpendekeza, jambo la nadra, na Voinovich akasimama mbele ya wenzake akawaomba wamkatae, mpaka sauti ikamkatika kwa kilio akitaja watoto na wajukuu zake. Ili mjadala ufungwe zilihitajika kura 60. Mei zikapatikana 56, Juni 54. Rais akasubiri Seneti iende likizo, na tarehe 1 Agosti 2005 akamweka Bolton kwa uteuzi wa muda ambao katiba yao inamruhusu. Akaingia kwa mlango wa uani. Dada yangu, hilo ndilo jibu la swali lako la "ilikuwaje".

Niongeze kwa uaminifu: Voinovich huyo huyo mwaka uliofuata alibadilika, akasema sasa atamuunga mkono. Safari hii aliyezuia ni seneta mwingine wa chama kile kile, Lincoln Chafee. Bolton alipoona kura hazipo, akaondoka Desemba 2006. Binadamu ni binadamu. Lakini ile siku ya Aprili aliyosema "siwezi" haifutiki, na mimi nilipoisoma niliona haya. Qur'ani yetu, katika Suratun Nisaa, inatuamrisha kusimama na uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Tunaisoma kwa tajwidi. Je, ni mara ngapi umeona mtu wetu akimpinga mtu wetu, hadharani, kabla hajapewa cheo?

Na kwa nini nasema ule ujumbe wa watu 20 hautufai, wakati Bolton mwenyewe alitutia uchungu? Alitutia kweli. Vita vya Lebanon vya mwaka 2006 vilipiga siku 34, na Marekani ikapinga wito wa kusimamisha mapigano mara moja. Mwaka uliofuata Bolton aliiambia BBC kwamba anajivunia msimamo ule. Waislamu na Wakristo wa Lebanon walikuwa wanafukua watoto kwenye vifusi. Siwezi kukuambia usiumie.

Lakini balozi ni mdomo wa aliyemtuma. Angekwenda mwingine, mpole, mwenye tabasamu, angepinga wito ule ule kwa maneno laini, na wewe usingepata picha ya kusambaza. Ukimfanya mtu mmoja mwenye masharubu kuwa ndiyo shari yote, umewapa ruhusa wapole wote waliofanya kazi ile ile. Kisha ukisema tatizo lake ni kuwa "si wetu", umejifungia mlango wa kumkamata mwenye tabia kama yake akiwa ni wetu.

Tumewahi kupimwa kwa kipimo hicho hicho cha "si wetu", na tukaonja uchungu wake. Wazee mnakumbuka mwaka 1981. Salim Ahmed Salim, Mzanzibari, Muislamu, aliyekuwa balozi huko Misri akiwa na miaka 22, mwakilishi wa Tanzania Umoja wa Mataifa miaka 10, rais wa Baraza Kuu mwaka 1979, aligombea ukatibu mkuu akiungwa mkono na Afrika. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, duru baada ya duru. Sababu iliyosemwa miaka yote ni Oktoba 1971, China ya Peking ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa na wajumbe wa Tanzania wakashangilia ukumbini. Ikasemwa kijana yule alicheza Marekani ikishindwa. Hakuna kamati iliyokaa. Hakuna karani wala dereva wa ubalozi wetu aliyeulizwa, "Bosi wako anakutendeaje?" Ilitosha kwamba alikuwa rafiki wa China.

Upande wa pili China nayo ikamzuia Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka awamu ya tatu, mara 16. Mwisho Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa rais wa Baraza la Usalama mwezi huo, akawaomba wote wawili wakae pembeni, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita. Na huyo Waldheim, ambaye wakubwa wote walikuwa wamemridhia awamu mbili, miaka 10 kamili, mwaka 1986 ikadhihirika kuwa alificha habari za utumishi wake katika jeshi la Hitler huko Balkan. Huyo alionekana ni "wetu" kwa kila mtu, basi hakuulizwa.

Salim alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Miaka 12. Lakini ule mlango wa New York haukufunguka.

Kwa hiyo ukiona jina limetangazwa, balozi, kadhi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, yeyote, usianze na swali la ni wa kwetu au si wa kwetu. Mtafute aliyekuwa karani wake. Aliyemfulia. Aliyemwambia "hapana" siku moja, uone kama alibaki na kazi.

Naandika haya nikiwa na deni, na sitaki nilifiche huku nikiwasema maseneta wa watu.

Miaka kadhaa nyuma, katika mji mmoja niliokuwa nasomesha, msikiti wetu ulikuwa unatafuta mweka hazina. Jina lililotajwa na kila mtu lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa safu ya kwanza. Mtoaji, mwenye heshima, ana gari la kubebea maiti na hakuwahi kukataa likiombwa. Jioni kabla ya mkutano, kijana aliyekuwa akifagia msikiti akanifuata nilipokuwa natia udhu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ustadhi, mimi nilifanya kazi dukani kwake. Mshahara wa miezi mitatu hajanipa. Nilipoudai akanifukuza mbele ya wateja."

Nikamwambia, "Mwanangu, subiri kwanza, tusije tukavuruga mkutano."

Ndivyo nilivyosema, mimi niliyekuwa nawasomesha kisa cha Musa na kisima. Mkutano ukaenda vizuri, tukapiga takbir, tukasoma dua. Baada ya mwaka na kitu, fedha zilizochangwa kwa ajili ya kisima cha msikiti hazikuwa na hesabu, na alipoulizwa alikasirika, na waliomuuliza wakaambiwa ni wenye husda. Wazee wakaona bora yaishe kimyakimya. Yakaisha. Watu wa mtaa ule waliendelea kununua maji kwa madumu.

Yule kijana aliacha kuswali kwetu. Nilikuja kumkuta baadaye, anaendesha bodaboda, nikamwomba radhi kituoni pale pale mbele ya wenzake. Akasema, "Nimekusamehe, ustadhi, wewe hukuchukua kitu changu." Nikamuuliza kama alilipwa ile miezi mitatu. Akacheka, akawasha pikipiki.

Wallahu a'lam.